Mahali Mstari Unapogeuka

Wanafunzi wangu wa Baiolojia hawakuichagua Hisabati. Walipofika kidato cha tano walichagua Kemia, Baiolojia na Jiografia, na Hisabati Tumizi ikaja juu yake bila wao kuulizwa. Wenyewe huiita Bamu, kwa herufi za jina lake la Kiingereza, na wengi hulitamka neno hilo kama mtu anayetaja jino linalomuuma. Mimi ndiye mwalimu wa Bamu. Kwetu ni Njombe, kwenye baridi. Kazi ndiyo iliyonileta Mtwara, mume wangu naye akapata kazi bandarini, tukapanga nyumba Rahaleo, tukazoea joto.

Kila mwaka mambo huenda vizuri mpaka tufike kwenye kalkulasi. Vitabu ni vya Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, na kitabu tunachotumia huanza na mpira uliorushwa juu: baada ya muda fulani uko wapi, na hapo ulipo unakwenda kwa kasi gani. Mwaka ninaousimulia niliuchora mpira ule ubaoni, nikaandika kanuni yake, nikaitafuta kasi, kisha nikageuka kuwatazama. Nyuso zilikuwa zimefunga. Walikuwa wakinakili, kwa mwandiko mzuri kabisa, kitu ambacho hakikuwa chao. Nikahamia Kiswahili. Hata Kiswahili hakikusaidia. Mwishoni mwa kipindi mmoja wao, aliyetaka kuwa daktari, alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu tu, ni mgonjwa gani atakayeletwa kwake akiwa amerushwa juu kama mpira. Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini swali lile niliondoka nalo hadi ofisini.

Meza yangu inatazamana na ya mwalimu wa Baiolojia. Siku hiyo alikuwa akiandaa safari ya kuwapeleka wanafunzi wale wale kwenye mikoko, kule mto Ruvuma unapomwagika baharini. Nilipomweleza habari ya mpira aliniambia niache kuwaletea vitu visivyo na uhai. Hawa, alisema, wamekuja shuleni kwa ajili ya vitu vinavyoota, vinavyopumua na vinavyooza. Basi niwape hivyo. Akanikaribisha kwenye safari. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na mume wangu hakulipenda wazo la basi la shule kwenye barabara ya mchanga. Tulibishana kidogo, akanifungia mto mdogo wa kukalia, nikaenda.

Tulifika maji yakiwa yamepwa. Nimezaliwa milimani, na mpaka siku ile bahari kwangu ilikuwa ile ya kutazamwa kutoka ufukweni pale mjini. Hii ilikuwa nyingine. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama watu waliokunja suruali wakitaka kuvuka. Tope lilikuwa na matundu maelfu, na kwenye kila tundu kaa mdogo mwenye gando moja kubwa jekundu alikuwa akitupungia, kisha anazama tukikaribia. Mwalimu wa Baiolojia alichuma jani, akamwambia kila mwanafunzi alilambe upande wa chini. Lilikuwa na chumvi. Akaeleza kwamba mti ule hunywa maji ambayo yangeua mwembe au mkorosho, kisha huisukuma chumvi nje kupitia majani, mchana kutwa, bila kelele. Nami nililamba. Nilisimama pale na jani mkononi, nikalilamba tena.

Kundi langu lilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumekuja na ufito mrefu ambao wasichana walikuwa wameutia alama kwa rangi ya kucha, wakauchomeka kwenye mkono mmoja wa maji unaoingia kati ya mikoko. Maji yalipoanza kujaa, mmoja alishika saa, mwingine akasoma alama, mwingine akaandika. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya kivuli, na karatasi ya manila magotini, nikiweka nukta moja baada ya nyingine kadiri walivyonipigia kelele kutoka majini.

Aliyekuwa akisoma alama alikuwa msichana wa Kitaya, kijiji kilicho huko juu mtoni, ng'ambo yake Msumbiji. Wazazi wake ni wakulima wa mpunga na mihogo. Kimakonde kilikuwa bado kimekaa ulimini mwake. Mtoto kwake alikuwa “ntoto” na mti ulikuwa “nti”, na wenzake wa mjini walikuwa wameacha kumcheka kwa kuwa hakujali. Darasani alikaa nyuma. Katika Bamu alikuwa wa kawaida tu, si wa mwisho, si wa kwanza, na sidhani kama kabla ya siku ile nilikuwa nimewahi kuisikia sauti yake zaidi ya kuitikia jina. Alikuwa ameingia majini hadi juu ya magoti, kanga ameifunga kiunoni juu ya sare, na uso ameuinamisha karibu kabisa na ufito.

Mwanzoni maji yalikuja polepole, tukawa tunapiga soga. Kisha yakashika kasi, na kelele zake za kusoma zikawa haziishi. Yalimeza mizizi, yakameza matundu yote ya kaa, yakamlazimisha yeye mwenyewe kurudi nyuma mara kadhaa. Halafu, jua likiwa limeshapita utosi, akanyamaza. Nikamwuliza kulikoni. Akainua uso.

“Madamu, mbona yakikaribia kujaa ndiyo yanakuwa kama yamechoka?”

Nilimwambia atoke majini aje aone. Wote wakaja, wakanizunguka, matope yakidondoka kwenye karatasi. Nukta zangu zilikuwa zimetengeneza mstari uliopinda, umelala chini mwanzoni, umesimama katikati, na sasa unalala tena. Niliweka rula iuguse mstari mahali pamoja tu, pale katikati, nikawaonyesha jinsi ilivyoinuka. Huo mwinuko wa rula, nikasema, ndio kasi ya maji kwa wakati ule. Nikaisogeza mbele kidogo. Rula ikalegea. Nikaisogeza tena. Tukangoja, tukaongeza nukta, na nilipoifikisha juu kabisa rula ikalala sawa na ukingo wa karatasi.

Tulitazama majini. Majani makavu ya mkoko yaliyokuwa yakielea na kukimbilia bara yalikuwa yamesimama. Hayakwenda huku wala kule. Bahari nzima ya upande ule, na mto uliotoka mbali huko Songea, vilikuwa vimesimama mbele ya macho yetu, na rula yangu ya plastiki ilikuwa inasema hivyo hivyo. Nimefundisha jambo hilo tangu nilipomaliza chuo, nami sikuwahi kuliona kwa macho. Kisha jani moja likaanza kurudi baharini.

Yule msichana bado alikuwa ameinamia karatasi. Alisema, taratibu, kana kwamba anajaribu kila neno kabla ya kulikanyaga, kwamba basi kuna vitu viwili. Kuna maji yanavyopanda, na kuna kule kupanda kwenyewe kunavyobadilika. Maji yanaweza kuwa yanapanda bado, lakini kupanda kunapungua. Na anayeangalia maji peke yake hatajua kama yanataka kugeuka. Nikamwambia ndivyo hasa, na kwamba katika kitabu jambo hilo liko mbele, sura nzima ya peke yake, na lina alama yake. Hakuomba kuonyeshwa alama. Mtoto tumboni alinipiga teke wakati ule, teke la nguvu, nikashika ubavu, mwalimu wa Baiolojia akaniuliza kama ni salama. Nilikuwa salama kabisa.

Wiki chache baadaye, asubuhi, nilikuwa naanika nguo uani Rahaleo nikahisi maji yananichuruzika miguuni. Haukuwa wakati wake, hata kidogo. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliniona nimeshika kamba ya nguo siongei, akaacha unga wake, akamwita mume wangu kwa simu, akanivisha dera lake mwenyewe, tukaenda hospitali kwa bajaji. Binti yangu alizaliwa siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri.

Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati kwetu huitwa njiti. Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Walipomweka kifuani pangu nililielewa. Mkono wake mzima ulitosha juu ya kidole changu cha gumba. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba niliona mishipa ikipita kama mistari ya penseli, na kwenye kifua chake niliona moyo ukigonga, sikuuhisi, niliuona. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho niliona haya kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nastaajabu. Mtu mzima, kamili, mwenye kucha, alikuwa ametengenezwa ndani yangu wakati mimi nasahihisha madaftari.

Wodi ya njiti ilikuwa na sheria zake. Mama hukaa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge, usiku na mchana. Wauguzi huita kukaa huko kangaruu, mfano wa yule mnyama abebaye mtoto mfukoni. Maziwa nilikamua kwenye kikombe na mtoto akayapata kwa mpira mwembamba uliopita puani. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia, hata baba. Mume wangu alikuwa akisimama nje ya dirisha na sare yake ya bandarini, ananyoosha kidole gumba kuniuliza, nami namjibu kwa kichwa. Jirani alituma supu ya pweza kila siku, maana kwa imani ya watu wa huku huleta maziwa, na kwa kweli maziwa yalikuja.

Kila asubuhi muuguzi alimpima uzito. Alikuwa mwanamke mkimya, wa umri wa mama yangu, ambaye mikono yake ilimgeuza mtoto kana kwamba anageuza ukurasa. Siku ya kwanza baada ya kuzaliwa uzito ulikuwa umeshuka. Siku iliyofuata ulishuka tena. Na iliyofuata. Muuguzi aliniambia tangu mwanzo kwamba wote hushuka kwanza, kwamba ni maji ya mwilini yanatoka, nisubiri. Nilimsikia. Maneno yalipita sikioni yakaenda zake. Mimi niliona kitu kimoja, kwamba huyu mtu mdogo hana cha kupunguza, naye anapungua hapa hapa kifuani kwangu. Nilianza kuogopa mizani. Ilipoletwa nilitazama ukutani.

Alasiri moja niliambiwa nina wageni. Mama wa kitanda cha pili alikubali kumpokea mtoto wangu kifuani upande mmoja na wake upande mwingine, nikatoka barazani. Walikuwa wanafunzi wangu, kundi dogo, na mwalimu wa Baiolojia aliyewaombea ruhusa. Walikuwa na machungwa na sabuni. Walinisalimu wakakaa kwenye benchi kama watu waliokuja msibani. Mmoja akauliza mtoto anaendeleaje. Nilitaka kusema vizuri, desturi ya kumjibu mgeni, lakini nilikuwa nimechoka. Nikasema anapungua.

Msichana wa Kitaya aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninaujua uzito wa mtoto wa kila siku. Niliujua. Ulikuwa kichwani mwangu hata nilipolala. Nikamtajia, tangu siku ya kuzaliwa hadi asubuhi ile. Aliokota kipande cha chokaa kilichobanduka ukutani, akachuchumaa, akaanza kuweka nukta kwenye sakafu ya saruji, mbele ya miguu yangu. Alichora taratibu. Alipima nafasi kwa upana wa vidole. Wenzake wakasogea. Nukta zilishuka kama nilivyojua zitashuka, na nilitaka kumwambia aache.

Alipomaliza hakuzitazama nukta. Aliweka vidole viwili kupima mshuko kati ya nukta ya kwanza na ya pili, akavishikilia hivyo hivyo, akavihamishia kati ya ya pili na ya tatu. Vilikuwa vimezidi. Akavibana. Akaenda mbele, akavibana tena. Kati ya nukta ya jana na ya leo havikutosha vidole viwili, akaweka kimoja.

“Madamu, ntoto bado anashuka,” alisema. “Lakini kule kushuka kunapungua. Anakaribia kugeuka.”

Nilitazama sakafu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nilikuwa na shahada ya jambo lile. Nilikuwa na namba zile kichwani mchana na usiku, nikizirudia kama dua, na nilikuwa nimeona tu kwamba kila moja ni ndogo kuliko iliyotangulia. Sikuwa nimetazama nafasi kati ya moja na nyingine. Sasa niliuona mstari, ulivyoanza kwa kuporomoka na ulivyokuwa ukilegea, ukilala, mfano wa rula juu ya karatasi ya manila, ila huu ulikuwa umepinduliwa. Nikamwuliza swali ambalo mwalimu hapaswi kumwuliza mwanafunzi.

“Kesho je?”

Alifikiri. “Kesho siijui, Madamu. Nukta za kesho hazipo. Hii ni ya leo.”

Alikuwa sahihi, nami nilijua zaidi yake ni kwa nini. Nukta zilikuwa chache. Mizani inaweza kukosea. Mtoto anaweza kupata homa. Hakuna kanuni iliyosaini mkataba na binti yangu. Hata hivyo nililia pale barazani, mbele ya wanafunzi, na mwalimu wa Baiolojia akageukia uani akajifanya anatazama kunguru. Saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha walinipa machungwa, wakaondoka kwa mstari, na kila mmoja alizikwepa zile nukta asizikanyage.

Asubuhi iliyofuata mizani ilipoletwa sikutazama ukutani. Muuguzi alimlaza mtoto, akasoma, akakunja uso, akamtoa, akamlaza tena. Akasema ni ule ule wa jana. Haukupungua gramu hata moja. Nilimwuliza kama ana hakika, akaniambia nisome mwenyewe. Nikasoma. Muuguzi alikuwa na vitanda vingine vya kupita, lakini mimi nilijua niko wapi. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo rula hulala. Nimewaambia mamia ya watoto wa watu kwamba mahali hapo mteremko ni sifuri, na neno sifuri siku zote nimelitamka kana kwamba ni kitu kisicho na kitu. Binti yangu alikuwa kwenye sifuri, amefumba macho, anapiga miayo.

Siku ya pili yake alikuwa ameongezeka. Kidogo sana, uzito wa sarafu chache. Muuguzi aliandika, akasema, bila kunitazama, “Si nilikwambia?” Nami nikamjibu kwamba aliniambia, tena tangu mwanzo, na nikamshukuru. Nilipokwenda dirishani mume wangu alinyoosha kidole gumba cha kuuliza, na safari hii sikujibu kwa kichwa. Niliinua mkono wangu polepole, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayechora. Alinielewa. Alivua kofia yake ya kazini akajifunika nayo uso.

Hatukutoka upesi. Kulikuwa na siku mbili mbaya ambazo alisahau kupumua na muuguzi akawa anamkumbusha kwa kumgusa nyayo. Siku hizo hapakuwa na mstari wowote wa kunifariji, nilishika tu. Lakini aliendelea kupanda, akajifunza kunyonya, mpira wa puani ukatolewa, na mvua za kwanza zilipoanza kunyesha tukarudi Rahaleo. Jirani alimpokea mlangoni kwa ubani. Sakafu ya baraza la hospitali ilikuwa imeshadekiwa zamani.

Yule msichana alimaliza kidato cha sita. Katika Bamu alipata C, C ya kawaida kabisa, na aliponipigia simu kuniambia alicheka kuliko mimi. Sasa yuko Morogoro anasomea mambo ya misitu. Huniandikia mara moja moja, hasa kuuliza habari za mtoto, na mara nyingine kunitumia picha ya mti ambao anadhani sijauona.

Mimi bado nafundisha. Mwaka huu, tulipofika kwenye kalkulasi, sikuanza na mpira. Niliweka nukta ubaoni, zinazoshuka, zinazolegea, zinazolala, zinazopanda, nikawaachia wanafunzi wapya wa Baiolojia wazitazame. Niliwauliza wanadhani ni nini. Mmoja alisema ni kina cha maji kisimani wakati wa kiangazi hadi masika. Mwingine akasema bakteria waliopewa dawa wakaizoea. Wakajaribu joto la usiku, wakajaribu mbu. Walikuwa wamesogea ukingoni mwa viti vyao bila kujijua.

“Ni mtu,” nikasema.

Nikawaonyesha mahali mstari unapogeuka, nikawaeleza kwamba kuna dalili yake kabla haujageuka, na kwamba leo tutajifunza kuisoma. Nikaanza kuandika. Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogezwa, na msichana wa karibu na dirisha akaniuliza huyo mtu aliishia wapi.

Nikamwambia yuko nyumbani Rahaleo, amekataa uji asubuhi hii, na ameficha kiatu kimoja cha baba yake.